Nilikataa soda Kinyangiri, sasa posa ya mpwa wangu inayumba

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono maana nimekwama kwelikweli. Mimi ni mkulima wa alizeti hapa Misigiri, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, na watu wananijua kwa ushenga, vijana niliowaposea ni wengi na karibu wote wametulia kwenye ndoa zao, sasa juzi juzi nilikwenda zahanati kwa ajili ya mgongo, nesi akanipima na sukari, akasema mzee hujafikia kisukari lakini uko mlangoni, punguza ugali, acha soda, tembea kwa miguu, ukijitahidi unaweza kurudi nyuma, nikasema sawa, nikaogopa, nikanyamaza, hata mke wangu Lucy sikumwambia, maana huku ukitaja sukari tu watu wanaanza kukuangalia kama marehemu mtarajiwa.

Basi nikaanza kimyakimya. Nyumbani nikibakiza ugali Lucy ananuna, ananiuliza, "Siku hizi unakula kwa nani?" Asubuhi nikitembea bodaboda wanasimama, "Shikamoo mzee, panda nikusogeze bure," nikikataa wanadhani nina kinyongo nao. Hayo nilivumilia, lakini wiki iliyopita nilikwenda Kinyangiri kumposea mpwa wangu Clement, kwa mzee Laurenti, baba yake Eliana, na watoto hawa wanapendana kweli, mama wa binti akaleta soda, nikasema nimeshiba, akaleta ugali mlima mzima na kuku aliyechinjwa kwa ajili yangu, nikamega tonge moja nikanawa. Mzee Laurenti akanitazama, akasema, "Mshenga, kama mmepata binti kwingine si useme tu, kuliko kudharau chakula chetu?" Na mimi badala ya kueleza nikasema nina haraka, nikaondoka. Sasa nasikia Jumapili wanampokea mshenga wa upande mwingine, Eliana analia, Clement haniamkii tena. Je, nirudi nikanywe hizo soda yaishe, au nimwachie mwingine kazi?

Mshenga, Misigiri

*Dada Jesca anajibu:*

Shikamoo mzee wangu. Nimeshakuamkia, sasa niruhusu nikugombeze.

Pole kwa hofu, naielewa kabisa. Lakini umewanyima watu maelezo halafu unashangaa wamejitungia ya kwao. Lucy ametunga nyumba ndogo, mzee Laurenti ametunga dharau. Mama wa watu amekimbizana na kuku uani, amepika, amekuandalia, wewe unamega tonge moja na kunawa! Hata mimi ningenuna, tena mimi ni mpole.

Soda usinywe. Ukinywa kwa mzee Laurenti utakunywa na kwa anayefuata, na mshenga mwenye sifa kama zako hakosi mwaliko. Na wale watakaokushauri uweke asali badala ya sukari, eti ya Singida haina neno, usiwasikilize. Nayo ni tamu kwa sukari hiyo hiyo. Ugali wa mtama nao ni ugali, upimwe.

Leo hii mkalishe Lucy umwambie alichosema nesi, neno kwa neno. Atalia kidogo, halafu atakupunguzia ugali na kukujazia mlenda na mboga, maana alikuwa anakulundikia kwa mapenzi, hajui kwamba anakuumiza. Asubuhi mtembee wote wawili. Bodaboda wakimwona mama yuko pembeni yako hawatauliza kitu. Na zahanati urudi kupimwa, usijipime kwa kujisikia.

Kisha Jumamosi, kabla huyo mshenga mwingine hajafika, nenda Kinyangiri na Lucy. Usianze na posa. Anza na samahani, tena kwa mama aliyepika. Mwambie, "Mama, chakula chako hakikuwa na kosa, mimi nina sukari inayopanda na niliona aibu kusema." Halafu omba maji ya kunywa, omba kuku na mboga, ugali kidogo, na ule mbele yao mpaka sahani iishe. Ukimaliza ndipo umtaje Clement.

Wakikukatalia, utakuwa umekataliwa kwa ukweli, na mpwa wako atajua ulimpigania. Ila usithubutu kumwachia mtu mwingine kazi hii. Watoto wa watu umewaombea wake bila kumung'unya maneno, na wewe umeshindwa kujiombea glasi ya maji.