Kitambaa Kilichobaki Mlangoni

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 14 Juni 2020

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Mgongo wako vipi? Na kwenye zile ofisi unazosafisha, wameshakupa glavu mpya au bado unafua zile zile? Sisi huku kwa mwili hatujambo. Kaka anakula vizuri, ila amekuwa mkimya. Mimi ni mzima, lakini sikai. Barua hii nimeianza mara tatu, na kila mara nainuka kufungua dirisha, kisha nainuka tena kulifunga. Marehemu mama hakukosea kuniita Kiherehere.

Chuo bado kimefungwa. Walitupa siku moja tu kuondoka bwenini, nikaacha godoro langu na nusu ya madaftari. Mwaka wa pili wa ualimu nausomea kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Mtandao ukikatika, mwalimu anabaki mdomo wazi kama mtu anayetafuta chafya.

Miwani ya mama iko juu ya friji, pale pale alipoiweka. Mimi na kaka tunaifuta vumbi, tunairudisha. Hakuna aliyesema tufanye hivyo.

Tulipokwisha kumzika, watu wanane tu, na wewe hukuweza kuja, nilishindwa kukaa ndani. Nikajiunga na kikundi cha kujitolea cha mtaa. Kiongozi wetu ni nesi mstaafu, mfupi, sauti kama kengele. Tunamwita Nesi, basi. Nilipewa milango kumi na saba ya wazee wanaoishi peke yao. Kila mzee anatundika kitambaa kwenye kitasa kabla ya saa mbili asubuhi, kuonyesha kwamba ameamka salama. Jioni anakiingiza ndani. Mimi napita, naweka tiki kwenye daftari. Nisipokiona, nagonga, nisipojibiwa, nampigia Nesi simu. Ijumaa tunawapelekea vyakula na dawa. Tunaweka mfuko chini, tunagonga, tunarudi nyuma hatua sita.

Mlango wa kumi na moja ni wa mzee aliyekuwa kinyozi, na jina hilo ndilo limebaki. Kitambaa chake ni kipande cha shuka alilokuwa akiwafunga wateja shingoni. Ananijua kwa viatu.

"Kiherehere, leo unaburuza mguu. Umekula?"

"Nimekula, babu."

"Uongo! Aliyekula hatembei hivyo. Na hizo nywele zako, mpaka huku ndani nazisikia zikiota."

Jumatatu iliyopita akaniambia magoti yamemchosha, asubuhi kutundika, jioni kutundua. Nikamwonea huruma. Nikasema, "Basi babu, kiache hapo hapo, usijisumbue. Mimi nitajua tu."

Mama Mdogo, ningejuaje? Jumanne tulitaniana kama kawaida. Jumatano nikapita, kitambaa kipo, nikaweka tiki. Alhamisi nikaona kimya, nikadhani amelala, nikapita kwa vidole nisimwamshe. Tiki. Ijumaa nikafika na mfuko wake, nikagonga mpaka mkono ukauma. Mwenye nyumba alikuja na ufunguo wa akiba. Kinyozi alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na bafu, tangu Jumatano alfajiri. Alikuwa anapumua kama mtu anayepanda ngazi. Watu wa gari la wagonjwa walipomteremsha, kitambaa kilikuwa bado kinaning'inia pale, kimenyooka, safi.

Sasa yuko hospitali, anapumua kwa hewa ya mtungi. Haruhusiwi kuonwa na mtu. Ijumaa ile Nesi alilitazama daftari langu, akasema, "Ajabu, huku inaonekana alikuwa mzima." Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyemruhusu asikitundue. Hilo ndilo linaloninyanyua kitini.

Na kuna jingine ambalo hata kaka sijamwambia. Ile siku ya mwisho mama alipokuwa nyumbani, alisema, "Niache nilale, mwanangu, nitakuita." Unajua alivyokuwa hapendi kumsumbua mtu. Nikafunga mlango polepole ili kitasa kisilie, nikakaa sebuleni na vitabu vyangu mpaka adhuhuri. Hakuniita.

Nimeinuka tena. Nitaendelea nikitulia.

Jumanne, 16 Juni

Nimemwambia Nesi. Ilikuwa jana saa moja asubuhi, nje ya ukumbi tunakokutana, kabla hajatupanga. Nilimkabidhi daftari nikijua hatanirudishia. Aliziwekea kidole zile tiki mbili.

"Ulimwonea huruma?"

"Ndiyo."

"Huruma sijaikataza. Ila iwe inagonga mlango." Akanisukumia daftari kifuani. "Haya, nenda, wanakungoja. Leo usiniletee habari za vitambaa. Niletee sauti."

Hakuniambia kwamba si kosa langu. Namshukuru kwa hilo.

Nilichelewa sana kumaliza, maana mzee ukimgongea anataka mazungumzo. Mmoja, aliyekuwa mpishi wa shule, alinifokea, "Kitambaa hukioni? Au unataka nitoke nikuchezee ngoma?" Nikamwambia, "Nifokee hivyo hivyo kila siku, bibi." Akacheka, akaanza kunisimulia habari za masufuria ya shule. Kumi na tano nilisikia sauti zao. Mmoja hakuitika, nikampigia Nesi simu. Kumbe alikuwa bafuni anaimba. Aliyebaki ndiye huyo aliyeko hospitali.

Leo mchana muuguzi wa hospitali alimpigia Nesi. Kinyozi bado yuko kwenye mtungi, na daktari hajasema neno la kutuliza moyo. Lakini amefumbua macho, na ameuliza kitambaa chake kiko kwa nani. Kiko kwangu. Nimekifua, nimekikunja, nimekiweka juu ya friji kando ya miwani.

Sasa wewe. Kila Jumapili unatuma ujumbe: "Niko salama, msijali." Leo nimerudi nyuma kwenye simu nikahesabu. Jumapili kumi na moja, maneno yale yale, hata nukta haijasogea. Hata wiki ile tuliyomzika dada yako. Mama Mdogo, usinitundikie kitambaa. Niambie kama mgongo unauma. Niambie kama unalia, na kama kuna mtu huko wa kukugongea mlango. Jumapili hii sitangoja ujumbe, nitapiga simu, na usiponiitikia nitapiga tena mpaka unichoke.

Kaka anakusalimu. Mjomba na mkewe wanakusalimu. Jirani wa chini, yule fundi cherehani, naye anakusalimu. Ametushonea barakoa za maua na kaka anavaa yake huku anaona haya. Mungu akushike mkono kwenye hizo ngazi zenye maji unazopiga deki, na akupe mtu wa kuongea naye.

Kila ikifika saa mbili asubuhi ya huku, ujue nimesimama kwenye mlango wa kwanza, nimeinua mkono kugonga. Saa hiyo unikumbuke.

Akupendaye, asiyetulia,
mwana wa dada yako,
Kiherehere