Plasta ya Laini ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi 1996
Foleni ya maji tena. Nimefika kortini Makadara nimechelewa. Hakimu kanitazama, nami nikatazama mafaili yangu. Jioni nikapata habari: mtaa utabomolewa, wajenge maghorofa. Laini moja tu ya nyumba itahifadhiwa. Mtaalamu wa majengo ya kale anakuja kuichagua.

Nataka iwe yetu. Mke wangu Nduku alifia humu, namba sita, miaka minne sasa. Nikihamishwa nitamkumbukia wapi?

Jumatano, 6 Machi
Mkutano kwa Mama Akinyi, jirani yangu muuza samaki. Kasema, "Mgeni akuje apate kuta zimechakaa hivi? Aibu gani hii, Baba Mwende!" Kweli. Mgeni hupokelewa kwenye nyumba safi. Wawili walisita kuchangia plasta, nikawashawishi. Karani wa korti kama mimi akiongea, watu hudhani ameona karatasi. Sikuwa nimeona karatasi yoyote.

Jumamosi, 9 Machi
Fundi ameanza alfajiri, kwangu kwanza. Plasta nyumba zote kumi, kisha rangi ya krimu. Wa Laini ya Nne, ng'ambo ya ujia, hawajagusa hata jiwe moja. Wavivu wakubwa. Nikawaambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wakacheka.

Nina furaha. Sijawa hivi tangu msiba.

Jumanne, 12 Machi
Mtaalamu amekuja. Binti mdogo, raba miguuni, daftari mkononi. Amepapasa ukuta wangu, akaugonga kwa kidole.

"Mzee, nani aliwaambia mpige plasta?"

Anatafuta mawe yenyewe, jinsi waashi wa kwanza walivyoyachonga na kuyapanga. Tukiibandua plasta, uso wa jiwe utatoka nayo. Amekula chapati moja ya Mama Akinyi, kwa adabu, akavuka ujia kwenda kwa wale wavivu.

Najichukia. Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenitukana.

Ijumaa, 15 Machi
Barua imefika. Laini ya Nne inabaki. Sisi tuhame kabla ya Julai. Nimeisomea laini nzima, nyumba hadi nyumba, maana ni kazi yangu kusoma. Nimemalizia kwa Mama Akinyi. Ameniwekea samaki, ngege mzima, kwenye sahani. "Sote tulitaka kupendeza," akasema.

Sikuweza kula.

Jumapili, 17 Machi
Sikwenda kanisani. Nimekaa nje, mlangoni, mpaka jua likahama.

Nduku alizoea kukaa hapa akichambua maharagwe, kichwa amekiegemeza ukutani. Miaka kumi na tisa. Mafuta ya nywele zake yaliacha doa kwenye jiwe, jeusi, kubwa kama kisahani. Nilikuwa nimelizoea hata silioni tena. Leo ndiyo nimelitafuta.

Fundi aliponiuliza aanzie wapi, nilimwonyesha hapo. Ndipo palipokuwa pachafu zaidi.