Winifred na Soksi ya Kijani

Jumatatu, 3 Oktoba 2022

Nimekuwa kuruta wa chama cha undugu cha wanafunzi! Asubuhi chuo kilitusainisha karatasi kwamba chama hakitatutesa kwa namna yoyote. Mchana chama kikatupa soksi ya kijani na yai bichi. Yai kwenye soksi, soksi shingoni, mpaka Jumamosi — darasani, chooni, kote. Likipata hata ufa, undugu basi.

Kila yai lina mchoro wa kichwa cha kulungu, nembo ya chama, kazi ya mkono wa Brock Ansley, mkuu wa makuruta. Kulungu mwenyewe anafanana na mbuzi mwenye mafua. Kucheka marufuku.

Clifford Haas, kuruta mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja, lake kalipa jina. Winifred! Kalala naye mchana, kamfunika leso.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimemuua Winifred.

Clifford alikuwa bafuni, soksi kaiacha kwenye kiti. Nikakaa. Suruali ikapata ubaridi, nikajua. Mbio hadi bwaloni, nikanyakua yai kwenye meza ya saladi, nikachora mbuzi mwenye mafua. Soksi nikaifua, nikaikausha kwa mashine ya nywele. Bahati yangu Clifford huoga kwa nyimbo sita.

Nilitaka kumwambia, kweli. Ila alitoka moja kwa moja kumpigia bibi yake simu, huko Duluth. Bibi, nitakuwa na ndugu kumi na wanne! Hana hata mmoja wa kuzaliwa naye. Bibi akalia.

Jumatano, 5 Oktoba

Ukaguzi. Brock kachovya kidole gumba kwenye wino wa zambarau, kagonga kila yai. Sasa hakuna kununua jingine, kasema. La Clifford limepita! Nikashusha pumzi.

Mapema mno. Nikiwa naosha vyombo nyumbani kwa chama nikamsikia Brock anampanga mpishi: Jumamosi adhuhuri, bustanini, kila kuruta apasue yai lake kwenye kikaango. Kimanda cha Undugu, mila ya tangu zamani! Atakayetoa la kuchemsha ni tapeli, nje.

Mayai ya meza ya saladi yote ni ya kuchemsha.

Clifford: "Kaka, Winifred kapoa sana siku hizi. Nikimtikisa hasemi kitu." Nikamjibu kazoea mazingira. Nina aibu.

Ijumaa, 7 Oktoba

Siku mbili silali vizuri. Nautaka undugu huu, sitajidanganya. Lakini nyumbani nina kaka wanne, wezi wa taulo wote. Clifford ana bibi na yai.

Nyimbo zilipoanza bafuni, nikabadilisha. Bichi langu kwake, la kuchemsha kwangu. Sasa ndiyo naona hili la kuchemsha lina ufa, mwembamba kama unywele, chini kabisa. Haidhuru, mimi nishatoka. Najiona mtakatifu na mjinga kwa pamoja.

Jumamosi, 8 Oktoba

Naandika nikiwa mstarini bustanini. Wa kwanza kapasua — bichi, makofi! Wa pili, makofi. Clifford yuko mbele yangu, simu mkononi, bibi anatazama kwa video, kavaa hereni kabisa.

Kanigeukia, ananong'ona.

"Lowell, usinikasirikie. Asubuhi ulipokuwa umelala nimeona yai lako lina ufa. Nimekubadilishia. Winifred unaye wewe, mzima wa afya."

"We mwehu! Na wewe je?"

"Nitalificha ufa kwa kidole. Brock haoni mbali."

"Kwa nini lakini?"

"Sasa ndugu wa nini?"

Nimetikisa soksi yangu. Linacheza ndani. Bichi! Nikamwambia nirudishie langu. Hataki. Nikavuta soksi yake, naye akavuta yangu, tukabaki tumefungana shingo kama ndama wawili.

"Haas! Tiedeman! Mnachezeana nini hapo?" Brock huyo. "Haas, kikaangoni!"

Clifford anakwenda. Kwa kidole kaziba ufa, tabasamu hadi masikioni. Mafuta yanachemka. Kainua yai —

Nimetoka mstarini. Mwandiko unapinda, natembea. Nimesema, kwa sauti kuliko nilivyokusudia: Brock, subiri, hilo ni la kuchemsha na nimeliweka mimi!

Brock ananitazama. Clifford ananitazama, yai hewani, mdomo wazi. Simu tu ndiyo inaongea. Bibi anauliza: Cliff, huyo aliyetoka mstarini ni nani wako?

Clifford kashusha yai, kanielekezea simu: "Ndugu yangu, Bibi."