Kiraka cha Saruji na Mto wa Mama

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukutani jikoni, kiraka chako cha saruji kikavu. Changu cha chokaa kina unyevu.

Baba Shamsi,

~~Fundi Jecha akija, mwambie atie saruji ukuta wote wa jikoni. Umeshinda.~~

Subiri. Juzi, tulipotia viraka viwili vya kujaribu, ulinicheka: "Mwalimu, hata ukuta unaupa mtihani?" Basi nimeukagua na upande wa pili, chumbani kwa mama yako. Nyuma ya chokaa pakavu. Nyuma ya saruji, kichwani pa kitanda chake, pamelowa, kwa sababu maji yamekosa pa kutokea.

Mama kaniuliza, "Kazija, nani kaulowesha mto wangu?"
Nikamwambia, "Mwanao."
Akacheka mpaka akakohoa.

Fundi aroweke chokaa ya ukuta wote. Uji umo sufuriani.

Mama ameshauhamishia mto wake miguuni pa kitanda.

Mama Shamsi