Siku Mama Alipopona

Eagan, Marekani, 6 Oktoba 2024

Kaka Gitonga,

Habari za Meru? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tunasukuma siku. Mama anakula, ila tangu Agosti hajui choo kiko wapi. Namwogesha, namvalisha nepi, namlisha.

Kaunti ya hapa humpa mtu kama mimi msaidizi wa kukaa na mgonjwa siku tano kwa wiki. Tarehe kumi na nne anakuja mama mmoja kumkagua Mama. Akikubali, Januari naanza chuo cha uuguzi. Nafasi wamenishikilia mara mbili, ya tatu hawashikilii. Niombee.

Dada yako,
Nkirote

Meru, 9 Oktoba

Dada,

Sisi wazima, namshukuru Mungu. Hao watu wa serikali wakiona mzee hajiwezi humpeleka nyumba ya wazee. Nimempigia Mama nikamweleza ajikaze, asituaibishe. Jumapili nilikutaja kanisani, ukapigiwa makofi.

Kaka yako,
Gitonga

Eagan, 20 Oktoba

Kaka,

Natumaini mmeamka salama.

Mgeni alikuja. Aliuliza nani anamwogesha Mama. Mama akajibu, "Mimi mwenyewe." Na kupika? "Mimi. Huyu msichana nimemkaribisha tu mpaka apate kazi." Kiingereza safi cha mwalimu mstaafu. Kisha akainuka akamsindikiza mgeni mpaka mlangoni.

Ningesimamaje mbele ya mgeni niseme mama yangu anajinyea, naye ananitazama? Mlango ulipofungwa Mama alijikojolea papo hapo, akaniambia Gitonga atafurahi.

Karatasi imekuja: anajiweza. Rufaa itasikizwa Machi. Nina hasira na wewe, kaka, na sijui niiweke wapi.

Dada yako,
Nkirote

Meru, 27 Oktoba

Dada,

Poleni na baridi. Heri alivyosema hivyo. Chuo hakikimbii. Wewe huna mume wala mtoto, nani mwingine angekaa naye? Baraka zako ziko mbele.

Kaka yako,
Gitonga

Eagan, 11 Januari 2025

Kaka,

Heri ya mwaka mpya. Chuo kinafunguliwa Jumatatu, na nitakuwepo. Mama anaondoka kesho na Philister wa kanisa letu, wanafika Nairobi Jumatatu usiku. Uwe hapo.

Maji usianzie kichwani, huogopa; anza miguuni. Akikupiga usimshike mikono, ngoja. Usiku mgeuze kila baada ya saa mbili, ngozi ya mgongo ni nyembamba. Nimelia tangu Krismasi na sijabadili nia.

Dada yako,
Nkirote

Meru, 16 Januari

Nkirote,

Mama yuko hapa. Mke wangu amekwenda kwao tangu jana. Mimi ni mwanamume, siwezi kumvua mama yangu nguo. Niambie unamchukua lini.

Kaka yako

Meru, 29 Januari

Dada,

Simu hushiki, barua pepe hujibu. Mgongo umetoka vidonda viwili. Daktari ameuliza huko Marekani alikuwa na wauguzi wangapi, hata akakaa miaka mitatu bila kidonda. Nimemwambia hakuwa na muuguzi.

Anakuita tangu asubuhi. Nimeitika mimi, hataki.

Kaka yako,
Gitonga