Nani Aliyeunguza Mota ya Kinu

Baba Chola wangu,

Barua hii nimempa muuza chumvi aivushe mpaka huko kisiwani Kilwa, katikati ya ziwa letu, ingawa ana macho ya mtu anayefungua barua za watu. Ukikuta gundi imeguswa, mkaripie.

Unakumbuka siku ile kinuni, foleni ya wanawake na mihogo yao imefika barabarani? Mota ilianza kunguruma kwa shida, na taa ya mlangoni ikafifia. Nilisema afadhali, leo inatumia umeme kidogo. Ulicheka, ukashika mkono wangu ukausogeza karibu na ganda la mota. Lilikuwa la moto.

“Hapana, mama,” ulisema kwa Kiswahili chako cha Katanga. “Volti ikishuka, motere haipunguze kazi. Muzigo ni ule ule, basi inavuta ampere mingi, inaungua mu tumbo.”

Ukaizima mpaka taa ikang'aa tena. Wanawake walinung'unika kwamba unawaibia unga, nami nikakutetea mbele ya foleni nzima. Nilikupenda sana siku ile.

Kisha mota ikaungua kweli, wakati umekwenda kuchukua mkanda mpya. Mwenye kinu alisema ni uzembe wako, akakufukuza. Nawe ulinyamaza. Wewe, unayebishana hata na padre kuhusu kengele! Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ulipovuka ziwa ukisema unakwenda kuvua, nikajua kuna mwanamke.

Lakini kaka yangu Mulenga akaanza kuniletea samaki kila siku, tena wale wanono. Unajua anafanya kazi kwenye nyumba ya barafu, na waya wao ni huu huu wa kinu, jenereta ni moja. Watu walisema ananihurumia. Mimi namjua tangu ananyonya, na huruma yake haijawahi kuwa na magamba.

Juzi nilikuwa kwenye foleni, taa ikafifia tena juu ya mota mpya. Niliacha kikapu nikaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya barafu. Magari ya wanunuzi wa samaki yalikuwa yanangoja, na mashine zote mbili za barafu zinazunguka, wakati ya pili hairuhusiwi kuwashwa kabla kinu hakijafungwa. Nilimuuliza Mulenga kama siku mota yako ilipoungua pia ilikuwa hivi. Akatazama miguu yake.

“Yaya, dada yangu, shemeji alijua,” alisema. “Aliniambia ninyamaze, sababu ya weye.”

Nilikasirika, Baba Chola, na bado nina hasira. Nani aliwatuma mniamulie? Nilimshika mkono nikampeleka mpaka kwa mwenye kinu, na Mulenga akasema yote mbele ya wanawake. Amefukuzwa kazi kwenye barafu. Mama hanisemeshi, na mwenye kinu anakuita kazini.

Mwanamke wa Kilwa bado sijamfuta moyoni, kwa hiyo njoo unieleze kwa mdomo wako. Nimempoteza kaka ili jina lako lisafike. Usiniache nimempoteza bure.

Bado mke wako,
Mama Chola