Mhehe wa Uskoti na Jogoo Niliyemdai

Babu Mhehe,

Ni mimi, Mngoni wako, Skolastika. Bado nipo Westville, hapa hapa Durban, bado nipo ndani ya nyumba yako, na wewe bado upo hapa mezani, ndani ya kisanduku cha mbao ambacho hakizidi mkate mmoja wa slesi. Mtu mrefu kama wewe! Mlango wa bafuni ulikuwa unakupiga kipaji cha uso kila asubuhi, leo wewe unanienea kwapani.

Hujazikwa, Babu. Nakwambia mapema maana hilo ndilo ungeliuliza kwanza. Tangu walipokuchoma moto umekaa hapa, na mimi nimekaa nawe. Nilikataa usichomwe, nikalia, nikasema kwetu Songea mtu hachomwi, lakini nani amsikilize dada wa kazi? Getini wameweka mlinzi. Rimoti ya geti amechukua wakili wa ndugu zako. Nikitoka kununua chumvi napekuliwa mkoba, nikirudi napekuliwa tena. Mlinzi mwenyewe ni kijana wa watu, anaona haya, anageuza uso pembeni huku mkono wake unapapasa kanga zangu. "Eish, mama, sorry, ni kazi tu." Namwambia papasa baba, papasa, labda utaokota ngome ya ukoo wao wa Uskoti humo ndani.

Nacheka hivi, lakini nimebanwa, Babu. Ukuta wenu huu na nyaya zake za umeme nilikuwa siuoni. Nilipita hapa miaka yote nikiwa na haraka zangu za dawa yako na uji wako, sikuwahi kuinua macho. Sasa nauona kutoka kila dirisha.

Na harusi ya binti yangu Anjela ni Jumamosi ya wiki ijayo. Unamkumbuka Anjela wangu, yule uliyekuwa unamwimbia kwenye simu nyimbo za jeshi mpaka anakata kwa kicheko. Kitchen party imeshapita bila mimi. Shangazi yake amekaa kwenye kiti changu, na picha nimetumiwa, kavaa kitenge nilichokinunua mimi. Wakili amesema nisiondoke Durban mpaka suala lako liishe. Nikamuuliza, likiisha lini? Akasema familia inashauriana. Familia yako, Babu, inashauriana taratibu kuliko konokono.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana ulikuwa umelala.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenipa kazi hii. Ulikuwa kwenye kiti chako cha barazani, blanketi magotini, ukaniambia kwa Kiswahili chako cha Burma, kile cha amri na matusi: "Mngoni, siku nikifa usiwaache wanitoe kimya kimya kama kabati linalohamishwa." Nikakujibu, wewe kufa? Wahehe hamfi, mbwa mliokula wanawabwekea malaika. Ukacheka mpaka ukakohoa, nikakupiga mgongo, nikaogopa kweli kwamba nimekuua.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu. Siku ya kwanza nilipokuja kuomba kazi nilikusalimia kwa Kiingereza cha woga, ukaniuliza natoka wapi. Niliposema Songea, ulisimama na fimbo yako kama kijana. "Mngoni!" Ukanisimulia: mtoto wa pili wa lodi, kijana ambaye ndevu hazijakomaa, amepewa nyota begani na kikosi cha askari kutoka Tanganyika, Wangoni na Wahehe, wakapelekwa Burma kwenye mvua na ruba. Ulitegemea kuwafundisha vita. Kumbe wao walikuwa na vita yao ya zamani, ya mababu zao, na walishaigeuza kuwa utani. Mngoni anamtukana Mhehe asubuhi, jioni anambeba mgongoni akiwa na jeraha. Ukawauliza, na mimi je, ni nani? Sajini wako, Mngoni, akakutazama hasira zako na pua yako ndefu, akasema huyu ni Mhehe, hana pa kwenda. Basi ukawa Mhehe mpaka umekufa.

Ukanionyesha na ukoo wako ukutani. Wazee waliovaa sketi za miraba, wote pua moja. Huyu alimuoa binti wa yule, yule alimuua shemeji yake, huyu alipoteza shamba kwa karata. Ndugu yako mkubwa aliyerithi ngome. Duncan, mtoto wake, aliye lodi sasa. Na Elspeth, mdogo wako wa mwisho, ambaye alikutumia biskuti kwa posta kila Krismasi nasi tukazila na chai mpaka vipande vya mwisho. Nikakwambia na wangu: Wangoni tulitoka huku huku kwa Wazulu, tukatembea tukipigana mpaka Songea. Ukapiga fimbo sakafuni. "Kwa hiyo babu zako walitembea safari yote ile, na wewe umepanda basi ukarudi kumuogesha Mhehe!" Nilikumwagia maji masikioni kwa makusudi siku ile.

Lakini kwa nini uliiacha ngome, hukunieleza. Ulisema tu, "Niliwachekesha siku isiyo ya kuchekesha." Nikafikiri ni mambo ya mwanamke.

Basi. Siku walipokuleta kutoka kwenye moto, wakili alikuwa sebuleni na kompyuta imefunguliwa mezani. Ndani yake familia yako yote imejipanga kwenye chumba chenye moto wa kuni, nguo nyeusi, Duncan katikati. Anazungumza juu ya ndege na kanisa na kaburi la ukoo. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyekutaja jina. Wakawa wanasema "mzigo utatoka Alhamisi". Mzigo, Babu!

Nikatazama kulia na kushoto. Nikajua hakuna mtani mwingine katika nyumba hii ila mimi.

Nikafanya kama kwetu. Nilikunyakua mezani, nikaketi mlangoni, nikanyoosha miguu kizingitini, nikakupakata. Nikasema kwa Kiingereza changu, kwa sauti ya msibani: "Huyu mla mbwa hatoki hapa! Alikuwa mkorofi, alikuwa anakoroma, alikuwa anaficha vidonge chini ya zulia. Mnamtaka? Nileteeni jogoo kwanza. Tena awe mnono!"

Wewe unajua kinachofuata. Upande wa marehemu wanapaswa kuja juu, wanitukane na mimi, wanisukume, waseme Mngoni huyu ana njaa, watoe hata yai, tucheke, kilio kipasuke, mtu atoke. Hivyo ndivyo mtu anavyotolewa.

Moto wao wa kuni tu ndio uliokuwa unasema. Mwanamke mmoja akaweka mkono mdomoni. Wakili akaanza kuandika. Nikarudia, nikidhani hawakusikia: "Jogoo!" Skrini ikazimwa.

Kesho yake nikaletewa karatasi kwamba nimezuia mabaki ya marehemu kwa lengo la kujipatia manufaa, na mlinzi akaja, na rimoti ikaondoka. Manufaa! Jogoo mmoja! Nilimpigia wakili kumweleza, ni mila, ni mchezo, ni heshima. Akasema nimweleze kwa maandishi. Nikaandika, nikafuta. Utani ukiuandikia maelezo umeshakufa.

Rafiki yangu Mama Béa, yule Mkongo anayesuka nywele kule sokoni Warwick, alikuja mpaka getini, wakamkatalia kuingia. Akanigombeza kupitia vyuma. "Skola, bale bazungu habajue mambo ya utani! Unafanya blague ku matanga ya bantu habakujue? Toka tu. Iko taxi ku robot, pale ku mataa ya barabara, panda, uende kwa harusi ya mutoto." Na kweli, Babu, ningeweza kutoka. Mlinzi asingenishika. Lakini ningeondoka na jina la mwizi, na wewe ungebaki peke yako mezani katika nyumba tupu. Kwetu maiti haachwi peke yake. Kwa hiyo natandika mkeka wangu sebuleni, nalala karibu yako, naamka, nafuta vumbi juu yako, nakaa. Nimekuchukia siku nyingine. Nilikwambia kwa sauti: Mhehe, umenifunga. Uliishi miaka karibu mia bila kuelewana na ndugu zako, ukaniachia mimi nikuelewanishe nao! Halafu nikakuomba radhi, maana maiti hatukanwi isipokuwa kwa utani, na pale sikuwa natania.

Leo asubuhi simu ya mezani imelia. Nikajua ni wakili. Kumbe ni sauti ya mwanamke mzee, nyembamba, yenye mikwaruzo. Akauliza, "Ni wewe uliyeketi mlangoni na kaka yangu?"

Elspeth. Nikasimama wima kama askari. Nikaanza kuomba msamaha, akaninyamazisha. Hakuwa kwenye kompyuta siku ile, miguu haimruhusu, na hawakumwambia kitu. Jana ndipo Duncan alipokwenda kumlalamikia kuhusu yule mama wa Durban anayedai jogoo. Akasema aliposikia neno jogoo alicheka, kisha akalia, wakamwitia nesi.

Akanisimulia ulichonificha, Babu. Umerudi kutoka Burma, umekonda, wa manjano kwa homa. Baba yenu amekufa. Jeneza linapelekwa kwenye kaburi la ukoo, malodi wa wilaya nzima wamepanga mstari, kofia mkononi. Na wewe ukatoka mstarini, ukakaa chini mbele ya mlango wa kaburi na sare yako ya jeshi, ukasema mzee huyu alikuwa bahili, hapiti mtu hapa mpaka nipewe jogoo. Elspeth alikuwa msichana mdogo, ndiye peke yake aliyecheka. Kaka yako mkubwa alikuburuta kwa kola. Walisema vita vimekuharibu akili. Walitaka kukupeleka mahali pa kutunzwa, ukapanda meli ukaja Durban, na hukukanyaga tena kule.

Babu! Ulikosea, jamani. Nikwambie ukweli, ulikosea vibaya. Mtoto hamtanii baba yake msibani! Kazi ile ni ya mtani, mtoto kazi yake ni kulia. Sajini wako hakukufundisha hilo? Au alikufundisha, lakini ulitazama kulia na kushoto ukaona ukoo wote ule na ngome yote ile haina mtani hata mmoja, ukaamua bora uifanye wewe kuliko baba yako atoke kama kabati. Nimekaa na hilo toka asubuhi. Nilikuwa nadhani umekimbia ndugu zako kwa kiburi. Kumbe ulikuwa umefanya msiba peke yako, na hakuna aliyekujibu.

Elspeth akanieleza kwamba yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Amemwambia Duncan hataingia kanisani kukuaga mpaka ile karatasi ifutwe na mlinzi aondolewe, na kwamba Duncan aje mwenyewe akuchukue, si kutuma watu wa mizigo. Naye Duncan anafika kesho. Nikashukuru. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kusema kwaheri.

Akasema, "Ngoja. Kaka yangu alinifundisha hii kabla hajapanda meli. Sijawahi kupata mtu wa kumwambia."

Nikasikia anavuta pumzi. Halafu akasema, kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayepita kwenye mawe: "Wewe Mngoni, mwizi wa ng'ombe! Toka mlangoni. Jogoo hupati!"

Babu! Nilikaa chini pale pale kwenye simu, nikalia kilio ambacho sikuwa nimekilia tangu ulipokata roho, nikicheka ndani yake, na yeye upande wa pili analia na kucheka, bibi wa miaka tisini na ushei, anarudia, "Hupati! Hupati!" Mlinzi aliingia mbio akidhani nimekufa. Nikamwambia hapana, mwanangu, tumefiwa.

Sasa nimefunga sanduku langu. Rimoti imerudishwa jioni hii, ipo kwenye kochi, na cha ajabu sijaligusa geti. Nitalala nawe usiku huu, ili usiseme Wangoni ni watu wa kukimbia. Mama Béa ameshanikatia tiketi ya kwenda Dar, na kutoka Dar nitapanda basi la Songea. Nitawahi harusi.

Nakuahidi hivi. Harusi ikipita nitawaita Wahehe wote ninaowajua mjini Songea, walimu, polisi, yule muuza nyanya, nitaketi nao nitandike mkeka, nikuombolezee kwa haki, wanitukane mpaka wachoke. Sitasema nimefiwa na bosi. Sitasema nimefiwa na mzungu wangu. Nitasema nimefiwa na mtani, na mwenye kuuliza ni Mhehe wa upande gani nitamweleza, ingawa maelezo yake yatakula saa nzima.

Lala salama, Babu. Uende ukakae na baba yako, na mpatane. Kesho Duncan akifika nitakukabidhi kwake kwa mikono miwili, nami nitasogea mlangoni bila kumdai kitu.

Nimeshajibiwa.

Mngoni wako,
Skolastika